Siku Paskalia Alipoisimulia Osaka

Paskalia alikuwa amejiapiza tangu akiwa ndani ya ndege kwamba hatacheka. Atasimulia safari yake kama karani anayesoma taarifa ya mkutano, polepole, kwa adabu, bila mbwembwe. Akimaliza atalitaja lile jambo moja alilorudi nalo, na kaka yake Severin ataona kwamba mdogo wake amekomaa, anaweza kuruhusiwa. Ndivyo alivyopanga. Lakini mdomo wa Paskalia, jamani, ulikuwa na mipango yake wenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Karakana moja ya kupiga chapa vitambaa mjini Osaka ilikuwa imemwalika arudi akae miaka miwili, ajifunze kuchora nakshi za khanga. Chumba kipo, chakula kipo, jibu linasubiriwa kabla ya baridi kuingia. Kilichobaki ni ruhusa ya Severin, na bila ruhusa hiyo Paskalia haendi popote.

Msomaji asije akashangaa. Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, na huko Sweden, alikokuwa akiishi na kaka yake, mtu wa umri huo hamwombi mtu ruhusa hata ya kuoa au kuolewa. Ila Paskalia hakulelewa na Waswidi. Alilelewa Kamachumu, Bukoba, na siku ya kuondoka baba yao alimshika mkono akauweka mkononi mwa Severin mbele ya ukoo mzima, akasema, "Huyu nimekukabidhi wewe." Kitu ulichokabidhiwa namna hiyo hukipitishi kwa mwingine kama sahani ya njugu. Severin alilijua hilo, na Paskalia alijua kwamba Severin analijua.

Basi Jumapili ile ya Agosti mwaka 1970, baada ya misa, watu walikutana kwenye nyumba ya Severin huko Bredäng, kitongoji cha Stockholm, ghorofa ya saba, madirisha wazi na jua limejaa hadi jikoni. Watu wenyewe hawakuwa wengi. Alikuwapo Leokadia, Mtanzania mwenzao, muuguzi wa hospitali, mwanamke mwenye kifua cha kucheka na ulimi wa kukata. Alikuwapo Onyango, Mkenya wa Kisumu, mwanafunzi wa uhandisi, ambaye hakuna sufuria iliyowahi kufunguliwa Bredäng asiwepo. Na Severin mwenyewe, fundi wa mitambo ya simu, mtu mrefu, mkimya, anayefikiri kwanza hata ukimuuliza saa.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake. Waswahili wa Stockholm miaka ile walikuwa wa kuhesabika, na mtu anayetoka safari alikuwa mali ya wote. Akirudi anaketishwa kwenye kiti chekundu, kiti pekee chenye mto, na hapakuliwi chakula mpaka asimulie. Akimaliza, kila mmoja ana haki ya swali moja, moja tu, na msafiri hujibu kweli tupu. Mwenye nyumba huuliza mwisho. Sheria ya swali moja waliitunga kwa ajili ya Onyango, na Onyango aliipigia kura ya kuipinga akashindwa.

"Osaka ni mji mkubwa," alianza Paskalia, mikono imetulia mapajani. "Una watu wengi. Watu wake ni wachapakazi. Chuo chetu cha ufumaji kilitupeleka kuona maonyesho ya dunia na viwanda vya nguo, na tumejifunza mengi."

Wenzake wakangoja.

"Ndiyo mwisho?" Leokadia akauliza. "Mwezi mzima umekaa Ujapani, unatuletea jiografia ya darasa la nne?"

"Wacha, dada," Onyango akasema. "Mimi sili hicho chakula kwa habari kama hiyo. Hii njaa yangu ina heshima yake."

Severin alikuwa ameketi karibu na dirisha, akimtazama dada yake kwa uso ule ule anaotazamia mtambo ulioharibika, na Paskalia akaanza kutokwa jasho.

"Haya," akasema. "Nitawaambia kuhusu teksi. Moja tu."

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kumponyoka. Kwa sababu huwezi kusimulia teksi ya Osaka ukiwa umetuliza mikono. Teksi ilisimama, nyeusi, inang'aa, dereva amevaa glavu nyeupe kama anakwenda kubariki watu, na Paskalia alipoukaribia mlango, mlango ukafunguka wenyewe. Hakuna aliyeugusa. Paskalia akaruka nyuma, akauambia mlango "samahani." Kisha akasogea tena, na dereva, akidhani abiria hataki, akaufunga kwa mkono wa chuma ulio kando ya kiti chake. Akasogea, ukafunguka. Akasita, ukafungwa. Watu njiani wakasimama kumtazama mgeni anayesalimiana na mlango.

"Ukauambia samahani!" Leokadia alipiga kofi. "Kwa Kiswahili!"

"Ningeuambia kwa lugha gani, dada? Mlango wenyewe sijui kabila lake."

Kicheko kilimtoka Paskalia kabla hajakizuia. Alimtupia kaka yake jicho. Severin alikuwa bado anamtazama. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki, na kwa kweli Paskalia hakuwa tena na hamu ya kuyazoa.

Akawapeleka Osaka. Akawapeleka kwenye mfereji uliopita katikati ya mji, jioni taa zinapowaka, nyekundu, kijani, buluu, zinapanda ghorofa hadi juu, nyingine zinazunguka, nyingine zinakimbizana, na zote ziko tena majini chini, zinatikisika. Juu ya mlango wa hoteli moja kulikuwa na kaa mkubwa kama boti, wa kutengenezwa, anachezesha miguu mchana kutwa. Akawapeleka kwenye barabara zilizoezekwa paa, duka hapa duka pale, wenye maduka wanakuita kwa sauti kubwa uingie, wote kwa pamoja, wauza samaki, wauza miavuli, wauza chai.

"Wanapiga kelele!" alisema, na macho yalimjaa maji kwa furaha tu. "Jamani, wanapiga kelele! Nilisimama katikati ya lile soko nikasema, Mungu wangu, hapa watu wana sauti. Hapa Stockholm nimezoea, unapanda treni, kila mtu ametazama viatu vyake, ukipiga chafya unaona haya. Kule mwanamke wa duka la kachumbari alinishika mkono akaniingiza dukani kwake akanilisha kachumbari ya kila aina, hataki hata kuuza, anataka kuona uso wangu."

"Na ulitoa uso gani?" Onyango akauliza haraka.

"Hilo ni swali lako?" Leokadia akamkatiza. "Sheria ni moja tu."

"Aa, hapana, hapana! Nimefuta!"

Akawaambia kuhusu madirisha ya hoteli yaliyojaa vyakula vilivyopangwa, wali, samaki, mayai, tambi zinazoning'inia kwenye vijiti vilivyosimama hewani. Paskalia alipita hapo asubuhi, akapita mchana, akapita jioni, chakula kiko pale pale, hakuna anayekila. Moyo ukamuuma. Kwao chakula kikipikwa kinaliwa, na kama wenyewe wameshiba huitwa jirani. Siku ya pili akaingia ndani, akamwita mwenye hoteli, akamwonyesha kwa ishara kwamba chakula chake kinaharibika dirishani. Mwenye hoteli akamchukua hadi dirishani, akalitoa yai, akaligonga mezani likalia kama kikombe. Vyote vilikuwa vya bandia, vimechongwa na mafundi na kupakwa rangi ili mteja ajue anachoagiza. Mzee yule alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni, kisha akamketisha na kumletea yai la kweli.

Akawaambia kuhusu wasichana wa shule waliomzunguka bustanini, sare moja, kofia moja, wakimpa kalamu awaandikie jina lake. Hakuelewa wanamdhania nani. Akawaandikia wote, "Paskalia wa Kamachumu," na kila mmoja akainama kushukuru, na yeye akainama, nao wakainama tena.

"Kuinama, hapo ndipo nilipopatikana," alisema.

Sasa hapa inafaa tuelewane. Binti wa Kihaya aliyelelewa vizuri hamwamkii mkubwa wake akiwa amesimama. Hupiga magoti. Leokadia, aliyezaliwa Sumbawanga, alikuwa amemtania Paskalia mara nyingi kwa hilo, kwa sababu msichana huyo aliwahi kumpigia magoti mwalimu wake wa kwanza wa Stockholm kwenye korido ya chuo, na mwalimu maskini akaita wenzake akidhani mwanafunzi amezimia. Tangu siku hiyo Paskalia alikuwa amejizuia. Alijifunza kusema "hej", salamu ya Kiswidi, akiwa wima kama mwanajeshi, na kila alipoisema alihisi amemkosea mtu.

Siku walipoitembelea ile karakana ya vitambaa, mwenyewe aliwakaribisha nyumbani kwake nyuma ya karakana. Walivua viatu. Ndani kulikuwa na mikeka mizuri, na juu ya mkeka amekaa mama wa mwenye karakana, Bibi Sumie, kikongwe mwenye nywele nyeupe pe. Wageni walipoingia, Bibi Sumie akapiga magoti, akaweka viganja chini, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mimi nikapigiwa magoti na bibi!" Paskalia alisema, sauti imepanda. "Kaka, sema wewe, ningefanya nini? Nikashuka haraka nikapiga magoti, nikainama zaidi yake. Bibi akachungulia, akaona niko chini yake. Akashuka zaidi. Nikasema haiwezekani, nikalala kabisa. Naye akazidi kujibana chini. Wenzangu Waswidi wamesimama mlangoni wameshika viatu vyao hawajui watazame wapi. Na hakuna wa kuinuka, kwa sababu mimi siwezi kuinuka kabla ya bibi, na bibi hainuki kabla ya mgeni!"

Onyango alikuwa amelala kwenye zulia anashika mbavu. Leokadia alikuwa analia machozi na kusema, "Acha, acha, nitakufa mimi." Paskalia mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kiti, yuko magotini sebuleni, anaonyesha jinsi walivyochunguliana, shavu kwa mkeka, yeye na bibi wa Osaka, mpaka mjukuu wa bibi, msichana aliyejua Kiingereza cha shule, alipokuja akawashika wote wawili makwapa na kuwainua kwa pamoja.

"Tukatazamana," alisema. "Bibi akanigusa hapa shavuni. Akasema neno, mjukuu akanifasiria. Eti amesema, huyu ana mama."

Mama yao alikuwa hai, anasubiri Kamachumu, na Paskalia alimkumbuka.

Kisha akawamalizia. Walipoketi kunywa chai, aliinua macho akaona khanga. Khanga, ukutani, imetiwa kwenye fremu ya kioo mahali pa heshima, pindo jekundu, mji wa kati wa maua ya njano, na jina, ule msemo wa khanga, limeandikwa kwa Kiswahili safi. Kumbe karakana ile ilikuwa ikipiga khanga kwa ajili ya wafanyabiashara wa pwani yetu tangu zamani. Maneno waliletewa na wafanyabiashara, wakayachapa herufi kwa herufi, na tangu hapo hakuna hata mmoja wao aliyejua yanasema nini. Ile ya ukutani ndiyo Bibi Sumie aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa akiitazama kila anapokula, na kwa miaka yote aliamini ni sala.

"Akaniomba niisome," Paskalia alisema. "Nikasema nimesahau miwani."

"Wewe huna miwani," Leokadia akasema.

"Ndiyo nilivyosema, dada, kwa aibu! Imeandikwa, 'Nuna upasuke, mume ni wangu.'"

Kelele iliyopigwa katika nyumba ile iliwafanya majirani wa Kiswidi kugonga ukuta, jambo ambalo Waswidi hawalifanyi mpaka wamevumilia sana. Onyango aliomba maji. Hata Severin alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Mwishowe Paskalia alisema ukweli kwa Kiingereza, na mjukuu akamfasiria Bibi Sumie. Bibi akaikodolea macho khanga yake, watu wote wakaogopa, mwenye karakana akaanza kuomba radhi bila kujua anamwomba nani. Halafu bibi akauliza arudiwe. Akarudiwa. Akacheka polepole, akazidi, akacheka mpaka akaegemea bega la Paskalia, akasema marehemu mumewe alipenda sana kupita kwenye nyumba ya mwanamke fulani wa mtaa wa tatu, na kwamba khanga ile haitatoka ukutani mpaka yeye afe. Baada ya hapo wakamletea Paskalia khanga zote za stoo. Akasoma mpaka jioni. Wafanyakazi waliacha meza zao wakaja kukaa sakafuni na mikono yenye rangi, na kila jina lilipofasiriwa walipiga makofi, kwa sababu ni kazi ya mikono yao na leo ndiyo wanaisikia ikisema.

"Wakaniambia nibaki," alisema Paskalia.

Akalisema hivyo hivyo, akiwa bado amepiga magoti kwenye zulia, nywele zimemvurugika, mashavu yamelowa. Hotuba yote aliyoipanga, ya kujifunza ufundi, ya faida kwa taifa, ya viwanda vya nguo vya nyumbani, ilikuwa imemtoroka. "Miaka miwili. Wanifundishe kuchora, na mimi niwaambie maneno yanasema nini. Nataka kwenda, kaka. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Basi. Nimemaliza kusimulia."

Kicheko kilikwisha chenyewe. Leokadia alivuta pumzi, akamtazama Severin, akaona ni afadhali amalize swali lake mapema.

"Kanisa lipo huko?"

"Lipo, dada. Dogo, lakini lipo. Wanaimba kwa sauti."

Onyango alijikuna kichwa. Alikuwa na maswali kama kumi, usoni yalionekana yote. "Huyo mjukuu wa bibi," akasema mwisho, "ameolewa?"

"Ameolewa."

"Hii swali ningeitumia kwa kitu ingine," alisema Onyango kwa huzuni.

Ikabaki zamu ya mwenye nyumba. Paskalia alijua maswali ambayo Severin angeweza kuuliza, na kwa kila moja alikuwa na jibu bovu. Nani atakuangalia? Nitamwambia nini Baba? Sweden nilikuleta mimi, huko Ujapani unapelekwa na nani? Aliinamisha kichwa. Alijilaumu kwamba amecheka, ameruka, amelala sakafuni kama mtoto mbele ya mtu aliyetaka kumwona mtu mzima.

"Swali langu," Severin alisema, kisha akafikiri kama kawaida yake. "Huko ulikuwa unacheka hivi?"

Paskalia aliinua uso. Hakuwa ametegemea. "Nini, kaka?"

"Hivi ulivyokuwa unacheka sasa. Huko ulicheka hivi siku zote, au ni leo tu kwa sababu ya kusimulia?"

Kanuni ilikuwa kujibu kweli tupu. "Siku zote," alisema. "Karibu kila siku."

Severin aliitikia kwa kichwa. Alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, na alipozungumza hakumtazama mtu.

"Tangu nikulete hapa sijakusikia ukicheka hivi. Unapika, unasoma, unasema kaka shikamoo, kaka lala salama. Nyumbani ulikuwa unacheka mpaka Baba anakufukuza mezani. Mimi nilifikiri umekua. Nikiulizwa na wazee nasema hajambo, amekuwa mpole siku hizi. Kumbe nilikuwa nakuzima, mdogo wangu, na sikujua."

"Hapana, kaka! Si wewe, ni baridi tu, ni..."

"Ngoja." Aliinua mkono. "Nitamwambia Baba mwenyewe, nitajua pa kuanzia. Nenda. Ila nikuambie na ukweli wangu, kwa sababu leo ni siku ya ukweli. Nitakuwa mpweke. Nitakuwa mpweke vibaya sana, Paska. Na hata hivyo nenda."

Paskalia alitambaa kwa magoti hadi kwenye kiti cha kaka yake, akaweka kichwa pajani pake, akalia kwa sauti, na Severin akawa anampigapiga mgongoni kwa mkono mzito wa mtu asiyezoea mambo hayo. Leokadia alilia pia. Onyango alikwenda jikoni akafunika sufuria iliyokuwa imeshafunikwa.

"Sasa tule," alisema Leokadia, akipenga kamasi. "Wali utaganda."

"Wali usubiri," alisema Severin. Alivaa miwani yake, akamwinua dada yake, akamrudisha kwenye kiti chekundu, kisha akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Simulia tena, tangu mwanzo. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nakutazama wewe."